Midundo Tisa ya Mayestro

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa stuli ya kukalia na nikakatazwa kugusa chochote mpaka saa sita mchana. Ilikuwa karakana ya redio ya misheni moja hapa Kasulu, chumba kirefu chenye madirisha upande wa mashariki, na baridi ya asubuhi hiyo ilinifanya niweke mikono kwapani. Mkuu wa Karakana alikuwa bradha mmoja mfupi kutoka Ulaya, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Saa sita ilipofika aliniwekea mbele redio ya mkulima wa Kitanga.

"Heribert, unaanza wapi?"

Nikasema naanza kwa kuiwasha, nisikie ina ugonjwa gani. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi juu ya paa.

"Betri kwanza," akasema. "Toa betri. Halafu fikiri."

Vijana wa siku hizi mnaochaji simu kila mahali huenda msielewe. Wakati ule betri ya redio ilikuwa mali. Ikichoka, watu waliianika juani juu ya ungo ili irudishe nguvu kidogo, na wengine waliitoboa kwa msumari wakatia maji ya chumvi. Redio zilifika kwetu zikiwa na betri zilizovimba na kutoa uteute, na uteute ule ulikula shaba ya bodi. Bodi ni lile bapa lenye njia za umeme, ambalo vipande vyote vya redio hukaa juu yake. Ukichelewa kutoa betri, unatengeneza ugonjwa mmoja huku mwingine unaendelea kula. Kwa hiyo Bradha alikuwa sahihi, na mimi nilitii. Katika miaka sita ya karakana ile nilifungua redio nyingi mno, na kila mara mkono wangu ulikwenda kwenye betri kabla macho hayajaangalia kitu.

Kutoka hapo nilihamia Kibondo, kwenye redio kol za serikali, zile ambazo ofisi za tarafa zilitumia kuongea na wilaya kabla ya simu za mkononi. Nilipanda milingoti Busunzu, nilipanda Kakonko, wakati huo Kakonko bado iko chini ya Kibondo. Bwana Mkuu wa Mitambo alikuwa mtu mzito, asiyependa haraka. Hakuruhusu waya mmoja ubanduliwe kabla hujachora ulipokuwa umekaa. Alitugawia madaftari ya hesabu, yale ya miraba, na jioni alikagua michoro yetu kama mwalimu wa darasa la nne.

"Heribert, hii nyekundu ilikuwa inaingia wapi?"

"Nakumbuka, Bwana Mkuu."

"Sikukuuliza unakumbuka nini. Nimeuliza umechora wapi."

Nilimchukia kwa mwaka mmoja hivi. Halafu radi ilipiga kituo chetu kimoja, na kwa michoro ile tukakirudisha hewani kwa siku mbili. Tangu hapo nilimheshimu, ingawa kuchora sikukupenda hata siku moja. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililoniponza.

Wakimbizi walipokuwa wengi Kibondo, shirika moja lilifungua kituo cha redio kwa ajili yao, nami nikaajiriwa kama fundi wa studio. Mhandisi Mkuu alikuwa dada kutoka Moshi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na siku za kwanza nilikuwa na kiburi naye. Kilinitoka siku aliponionyesha MIDI. Alichukua waya wenye kichwa cha pini tano, akachomeka ncha moja kwenye kinanda na nyingine kwenye kompyuta.

"Mzee Heri, kwenye waya huu sauti haipiti," akasema.

"Kinapita nini basi?"

"Maagizo. Nikibonyeza hapa, waya unapeleka habari: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa hivi. Sauti inatengenezwa kule mwisho."

Nilifikiri juu ya jambo hilo wiki nzima. Redio zote nilizozijua zilibeba sauti yenyewe, na hiki kilikuwa kitu kingine: kinampelekea mpigaji habari ya nini apige na lini. Ukiyahifadhi maagizo hayo kwenye kompyuta, unaweza kuyapeleka kwenye chombo chochote duniani kinachoelewa lugha hiyo, na chombo kikapiga vilevile. Nilimwomba Mhandisi Mkuu anifundishe kila kitu, na alinifundisha bila kunicheka, mpaka siku kituo kilipofungwa.

Nikarudi Kasulu, nikafungua kibanda changu karibu na soko. Nilikuwa nimeshatangaza kwa watu wa nyumbani kwamba mwaka huo ndio wa mwisho, nikapumzike na shamba la mihogo, wakati Mama Faida alipoingia na mzigo umefungwa kwenye kitenge.

Alikuwa Mkongo wa kambini Nyarugusu, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuja na kibali cha kutoka siku moja. Alifungua kitenge taratibu, na ndani mlikuwa na mashine ya ngoma ya zamani, ya rangi ya fedha, ndogo kuliko sinia. Mashine ya ngoma ni kisanduku kinachotoa sauti za ngoma na matoazi kwa umeme. Mbele ina vitufe kumi na sita vyenye taa, na kila kitufe ni nafasi moja ya mdundo. Unachagua ngoma, unabonyeza nafasi unazotaka ilie, na mashine inauhifadhi mdundo huo na kuurudia mpaka uchoke.

"Hii ilikuwa ya bwana yangu," akasema. "Kwaya walimuita Mayestro. Midundo yake yote iko humu, tisa. Yeye alikufa, lakini kwaya inaimbia hii mpaka leo."

Kisha akanieleza kilichomleta. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, mbali huko kwenye theluji. Alibakiza wiki tano. Mashine ni ya kwaya na itabaki na kwaya, lakini yeye alitaka midundo ya mumewe aondoke nayo. Kurekodi kwa simu walijaribu, ikawa sauti ya jenereta na watoto. Mtu fulani kambini alimwambia kuna fundi Kasulu anayejua kuiingiza kwenye kompyuta.

Mashine ile ilitengenezwa kabla MIDI haijaenea, kwa hiyo haikuwa hata na tundu lake. Lakini wapo watu wanaotengeneza bodi ndogo za kuongezea mashine kongwe kama hizo. Binti yangu aliiagiza kwa mtandao, ikafika baada ya siku kumi na mbili, ndogo kama kiberiti. Kazi yenyewe nilijua itakuwaje: kufungua skrubu sita za chini, kutafuta mahali penye volti tano za kuilisha bodi mpya, kuunganisha waya wa ardhi, kulehemu nyaya nyembamba kwenye miguu ya ubongo wa mashine, ile chipu kubwa, mguu mmoja kwa kila ngoma, kisha kutoboa nyuma na kufunga tundu la pini tano. Ukimaliza, unaichagulia mashine namba ya mkondo, maana MIDI ina mikondo kumi na sita na kila chombo husikiliza wa kwake. Ni kazi ya siku moja kwa mtu asiye na haraka.

Nilianza asubuhi, jua zuri, mlango wazi. Mikono yangu ilikuwa bado haitetemeki, na nilijisifu kwa hilo. Nililehemu nyaya kumi na moja bila kuunguza hata moja. Alasiri nikafunga tundu, nikaunganisha kompyuta, nikabonyeza kitufe kwenye kinanda kidogo, na ngoma kubwa ya mashine ikalia. Nilicheka peke yangu kibandani. Mzee wa miaka sitini na saba anacheka na kisanduku.

Halafu nikachagua mdundo wa kwanza wa Mayestro ili niuhamishe. Zikatoka kelele za ovyo, ngoma na matoazi pamoja, kama mawe yanayomwagwa kwenye ndoo. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa kimya kabisa. Nikasema nimekosea waya. Nikapima kila mguu kwa mita, nikarudia, nikafungua tena. Nyaya zote zilikuwa mahali pake.

Niliinua macho kupumzika, na hapo nikaziona. Zilikuwa kwenye kisahani dirishani, zimepangwa vizuri, zinapigwa na jua: betri tatu ndogo. Mimi ndiye niliyeziweka. Sikumbuki kuzitoa. Mkono ulifungua kifuniko, ukazitoa, kama ulivyofundishwa na Bradha, ukazianika kama walivyofanya watu zamani, na mimi nikaendelea kutafuta bisibisi. Katika mashine ya aina ile betri haziko kwa ajili ya kupiga. Umeme wa kupigia hutoka ukutani. Betri ziko kwa kazi moja tu, kutunza kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Nilikuwa nimeifuta midundo tisa ya marehemu kabla sijafungua skrubu ya kwanza.

Na kuiokoa mapema kungekuwa rahisi. Kila mdundo ukiuita, taa zinaonyesha nafasi zake. Ningechukua daftari la miraba, nikaweka alama, na baada ya saa mbili kazi ingekwisha. Bwana Mkuu wa Mitambo angenipiga kofi, na ningemshukuru.

Mama Faida alirudi siku ya tatu pamoja na Rais wa kwaya, maana kwa Wakongo mwenyekiti wa kwaya huitwa hivyo, baba mmoja mrefu mwenye koti. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwa siku mbili. Niliwatazama usoni, nikasema:

"Poleni sana. Nilipoifungua nilikuta betri zimeisha zamani. Humo ndani hamkuwa na kitu."

Rais wa kwaya akavua kofia. Akasema mapenzi ya Mungu hayana mjadala, na kwamba mashine ni ya zamani, wao wenyewe walijua iko siku. Akanipa pole mimi kwa kuhangaika bure! Mama Faida aliweka mkono juu ya mashine akautuliza hapo. Kisha akamwomba Rais akatazame gari la kurudia.

Tulipobaki wawili akaniambia, bila kupandisha sauti:

"Mapile mi njo nilibadilisha, fundi. Mwezi ule mwingine."

Mapile kwao ndizo betri, na 'njo' ni ndio.

"Kila mwaka mi nabadilisha. Natia mashini kwa umeme kwanza, inawaka, ndipo natoa moja, natia moja. Vile alinionyesha kabla afe. Miaka minane. Nimekimbia na mvua, nimehama buloki mbili, haijafutika hata siku moja."

"Mama..."

"Ulizitoa?"

"Nilizitoa."

Alikaa kwenye stuli. Sijawahi kuona aibu kubwa kama ile. Nilimwambia yote, mkono, Bradha, kisahani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kufuta, hiyo ni ajali," akasema. "Lakini umemwambia Rais mapile ilikuwa imekufa. Maana yake mi sikutunza. Kwaya yote watajua ni mi niliacha kazi ya bwana yangu ife."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilipotunga uongo wangu nilidhani hauna wa kumwumiza.

"Mi sitasema," akaongeza. "Wewe utasema. Mbele yao bote. Kabla nipande basi."

Aliondoka bila kunipa mkono. Yalikuwa yamebaki majuma matatu.

Niliomba kibali cha kuingia kambini na nikakipata. Nilibeba mashine, kompyuta na kinanda kidogo, nikakutana na kwaya kwenye banda lao. Mpango wangu ulikuwa huu: waimbe bila mashine, wapige makofi kama walivyoizoea ngoma, nami nibonyeze kwenye kinanda, maagizo yaingie kwenye kompyuta. Bodi niliyoifunga ilikuwa nzima, kwa hiyo mashine ingeipiga kazi yangu papo hapo kwa sauti zilezile za Mayestro, nao waseme ndivyo au sivyo.

Walisema sivyo siku nne mfululizo. Wanaume walikumbuka ngoma kubwa na kusahau kila kitu kingine. Akina mama walikumbuka vizuri zaidi, maana wao ndio waliocheza, na ukimwuliza mama kwa maneno alikuwa hajui, lakini ukimwambia acheze, mguu ulikwenda palepale. Niliacha kuangalia mikono nikaanza kuangalia miguu. Safari hii nilichora, kila mdundo ukurasa wake, miraba kumi na sita. Mwisho wa wiki ya kwanza tulikuwa na mitano ambayo hakuna aliyeibishia. Rais wa kwaya alikuwa akinisifu kila jioni, na kila aliposifu nilijisikia vibaya zaidi. Mama Faida alikaa mstari wa nyuma, akiimba, hanitazami.

Mdundo wa tatu ndio uliotushinda. Mayestro aliutunga kutokana na makofi ya salamu ya sisi Waha, aliyoyasikia sokoni Makere. Kwetu salamu haina haraka. Mtu anaingia, "Mwakeye," na makofi ya taratibu yanaanza, mdogo anapiga na mkubwa anaitikia, wanaulizana habari za nyumba nzima mpaka za ng'ombe. Wakongo hawasalimiani hivyo, na kwa kuwa mdundo haukuwa wao, kila mmoja aliukumbuka kivyake. Walinipigia namna tatu. Wakaanza kugombana. Mwishowe nikasema, jamani, ngojeni, hivi ndivyo mama yangu alivyokuwa akisalimia wakwe, na nikaubonyeza hivyo. Banda likatulia. Mmoja akasema, "Ni hiyo." Wengine wakafuata, ni hiyo, ni hiyo. Nikageuka kumtazama Mama Faida.

"Acha tu hivyo," akasema.

Midundo yote tisa ilikamilika siku tatu kabla ya safari yake. Kwaya ikaandaa shughuli ya kuagana. Palikuwa na wali na maharage, na Rais alisimama akatoa hotuba ndefu, akafika kwangu, akasema Mungu alimtuma fundi wa Kasulu kufufua kilichokufa, na mama mmoja akaja kunivika kitenge mabegani. Watu wakapiga vigelegele. Mama Faida alikuwa ameketi mbele, amevaa nguo ya safari, na sasa alikuwa ananitazama.

Nikasimama. Nikavua kile kitenge nikakikunja.

"Mimi ndiye niliyeifuta," nikasema. "Betri zilikuwa nzima. Mama huyu alizitunza miaka minane bila kukosea, na mimi nilizitoa kwa dakika moja kwa kutofikiri. Kisha nikadanganya. Yeye hakuacha kitu kife."

Niliwahi kupanda milingoti mirefu nikatazama chini, lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa ukimya ule. Rais wa kwaya aliketi. Akaniuliza, "Fundi, zile taa, tusingeweza kuziandika kwanza?"

"Tungeweza."

Akatikisa kichwa, na siku hiyo hakuzungumza nami tena. Nadhani hajanisamehe mpaka leo, na sina la kumlaumu. Lakini akina mama waligeuka mmoja mmoja kumtazama Mama Faida, na mmoja wao, aliyekuwa amekaa mbali naye majuma yote yale, akahama akaenda kukaa karibu yake. Mama Faida akainuka akaja kunipa mkono.

"Sasa washa mashini," akasema. "Tuimbe."

Nilifunga kibanda mwezi uliofuata, kama nilivyokuwa nimetangaza. Vijana wakija kuniuliza kazi, nawaambia niliyoyajua. Bradha alikuwa sahihi, na utii wangu kwake ulinilisha miaka arobaini. Lakini mazoea mema nayo yanahitaji kuamshwa na kuulizwa, hii unayoishika leo ni kitu gani? Kila chombo kina sababu yake ya kuwa na betri. Na mtu akikwambia ndani mna kazi ya marehemu wake, weka bisibisi chini kwanza, uchukue kalamu.

Mwaka huu Mama Faida alinipigia simu ya picha. Nyuma yake dirishani palikuwa peupe kabisa. Amepata kwaya huko, Wakongo wenzake na wenyeji wachache, na midundo inapigwa kila Jumapili kutoka kwenye kompyuta ya kanisa. Tuliulizana habari kwa kirefu. Kisha akasema:

"Kijana mmoja wa huku aliniuliza, huu mdundo wa tatu ni nani aliutunga? Nikamwambia ni bwana yangu. Nilimdanganya, fundi. Ile si yake. Ile njo ya mama yako."

Mama yangu alifariki nikiwa bado Kibondo, na sikuwahi kufikiri makofi yake yangefika kwenye theluji. Machozi yalinitoka, na simu ya picha haifichi kitu.

"Kwa nini hukusema siku ile?" nikamwuliza.

"Ile ya tatu yake ya kweli nilibaki nayo kichwani. Mi naijua. Moja tu, mi peke yangu."

Nikajifuta uso. Nikamwambia, "Basi Mama Faida, Jumapili simama uwaambie. Mbele yao bote."

Akacheka mpaka simu ikakatika.